Agnia Barto: mshairi wa watoto wa shule aliyeunganisha familia kwa redio

Ukifanya kazi kwenye redio ya mkoa, lazima utasoma matangazo ya watoto waliopotea, hasa siku za gulio. Mtoto anaachia khanga ya mama yake mara moja tu ili amtazame muuza pipi, akigeuka mama hayupo. Analetwa kituoni amelia mpaka sauti imekauka. Ukimuuliza jina la baba yake, anakwambia ni Baba. Ukimuuliza wanakaa wapi, anakwambia nyumbani.

Lakini mpe chai, mwache atulie, usimhoji kama askari. Baada ya muda anaanza kusema mwenyewe. Kwao kuna mbwa asiye na mkia. Jirani ana mashine ya kusaga inayopiga kelele sana. Bibi yake ana jino moja. Ukiyasoma hayo hewani, wimbo unaofuata haujaisha, simu inaita. Mtu ameijua ile mashine, ameijua familia.

Makala ya leo inamhusu mwanamke aliyeifanya kazi hii kwa karibu miaka 9 katika nchi kubwa kuliko zote duniani, akaunganisha familia 927 zilizotenganishwa na vita. Hakuwa askari polisi, na utangazaji haukuwa kazi aliyoisomea. Alikuwa mshairi wa watoto. Aliandika mashairi mafupi kuhusu madaftari, kengele ya shule, mwanafunzi mvivu na msichana asiyenyamaza darasani. Jina lake ni Agnia Barto, na mpaka leo ni vigumu kumpata mtu aliyekulia katika lugha ya Kirusi ambaye hajui kwa moyo angalau shairi lake moja.

Binti wa daktari wa mifugo

Agnia alizaliwa Moscow, katika familia ya Kiyahudi. Nyaraka zake zinaonyesha Februari 1906. Nyumbani kwake, hata hivyo, ilisimuliwa kwamba akiwa msichana aliongeza mwaka mmoja kwenye umri wake ili apate kazi katika duka la nguo. Wakati huo Urusi ilikuwa imetoka kwenye vita na mapinduzi, na njaa ilikuwa kali. Wafanyakazi wa duka lile walikuwa wakipewa vichwa vya samaki wa chumvi, na vichwa vile vilichemshwa kuwa supu. Msichana akaongeza mwaka ili nyumbani papatikane supu.

Baba yake, Lev Volov, alikuwa daktari wa mifugo, yule ambaye sisi vijijini tungemwita bwana mifugo. Ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kwanza wa mashairi ya bintiye, na hakuwa msikilizaji wa kusifu kila kitu. Alipenda vitabu, na alimtaka binti apange maneno kwa uangalifu, mizani isiyumbe.

Agnia mwenyewe alitaka kuwa mchezaji wa densi ya bale, ile inayochezwa kwa ncha za vidole vya miguu. Alisoma shule ya densi hiyo Moscow. Siku ya mtihani wa mwisho alikuwepo mgeni rasmi, Anatoly Lunacharsky, aliyesimamia elimu katika serikali mpya ya Urusi. Katika onyesho hilo Agnia alisoma shairi lake mwenyewe, shairi zito lenye huzuni kuhusu mazishi, huku muziki wa Chopin ukipigwa nyuma yake. Alilisoma kwa uchungu mkubwa na kwa mikono ya kuigiza msiba.

Mgeni rasmi akashindwa kuzuia kicheko.

Msichana aliumia sana. Kumbe aliyecheka alikuwa ameona kitu. Baada ya siku chache Lunacharsky alimwita, akamweleza kwamba amezaliwa kuandika mashairi ya kuchekesha, akampa na orodha ya vitabu vya kusoma. Agnia alicheza bale kwa muda mfupi tu, kisha akaiacha. Mwaka 1925 kitabu chake cha kwanza cha watoto kikatoka.

Jina la Barto alilipata kwa mume wake wa kwanza, mshairi Pavel Barto, ambaye waliandika pamoja baadhi ya mashairi ya mwanzo. Walizaa mtoto wa kiume mwaka 1927, Edgar, ambaye nyumbani waliitana naye Garik. Ndoa hiyo haikudumu. Baadaye Agnia aliolewa na Andrei Shcheglyaev, mwanasayansi wa mitambo ya mvuke ya kuzalisha umeme, na wakapata binti, Tatiana. Jina la Barto akabaki nalo maisha yote.

Mashairi ya mistari minne

Katika miaka ya 1930 alitoa mkusanyo wa mashairi mafupi uitwao kwa Kirusi Igrushki, maana yake vitu vya kuchezea. Kila shairi lina mistari michache. Kuna dubu wa kitambaa aliyeng'olewa mguu, lakini mwenyewe hakubali kumtupa. Kuna sungura aliyeachwa nje akalowa mvua. Kuna msichana anayelia kwa sababu mpira wake umetumbukia mtoni.

Mtu mzima akisoma anaweza kuuliza, hili nalo ni jambo? Kwa mtoto wa miaka 3 hilo ni jambo kubwa kuliko bei ya mahindi. Mtoto hana shamba wala mkopo wa benki, mali yake ni mpira. Ukimpotea, amefilisika. Barto aliuchukulia msiba huo kama ulivyo, bila kumcheka mtoto na bila kumpa mahubiri. Ndiyo maana mashairi hayo yamevuka vizazi. Bibi aliyafundishwa na mama yake, naye anamfundisha mjukuu.

Sikio lake la kusikia usemi wa watoto lilikuwa kali kiasi cha kuwadanganya hata wataalamu. Mwaka 1934 meli ya Kisovieti iitwayo Chelyuskin ilibanwa na barafu kaskazini kabisa mwa dunia, ikazama, na watu waliokuwa ndani wakabaki juu ya barafu mpaka ndege zilipowaokoa. Nchi nzima ilikuwa ikisikiliza habari zao. Siku hizo Barto alikutana ndani ya treni na Kornei Chukovsky, mwandishi mkubwa wa watoto aliyekuwa akikusanya maneno ya watoto wadogo na kuyachunguza. Agnia alikuwa ametunga shairi kuhusu waokolewa wale, lakini akaona aibu kulisoma kama lake. Akasema ni la mtoto wa miaka mitano na nusu.

Chukovsky alifurahi kupita kiasi. Aliliandika, akalisifu mbele ya abiria, kisha akaliandikia makala gazetini kama mfano wa kipaji cha mtoto mdogo. Barto akabaki na siri yake na aibu yake.

Dawati la nyuma

Watoto wa mashairi yake ya kwanza walipokua na kuanza shule, naye akawafuata shuleni. Hapa ndipo sehemu kubwa ya kazi yake ilipo.

Alikuwa na desturi ya kwenda shuleni, kuingia darasani na kukaa dawati la nyuma bila kutangaza kwamba yeye ni mshairi. Alijua kwamba wakisema mshairi amekuja, watoto watakaa wima, watapangwa, na atakayesoma atakuwa yule kiranja anayesoma vizuri siku zote. Alitaka kusikia wanavyozungumza mwalimu akigeukia ubaoni. Alisimama pia kwenye viwanja, kwenye korido na karibu na milango ya shule wakati wa mapumziko. Maneno aliyoyasikia aliyaandika kwenye daftari.

Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anayesoma makala hii kwenye simu yake atawatambua watu wa mashairi ya Barto. Yupo mtoto anayeanza darasa la kwanza, usiku mzima anashtuka akidhani kumekucha. Yupo msichana anayelalamika kwamba watu wanamwita msemaji sana, wakati hana hata nafasi ya kusema, na anaorodhesha mambo yote yanayomzuia, kikundi cha maigizo, kikundi cha picha, masomo ya nyumbani, na orodha yenyewe haina kituo. Yupo mvulana mvivu ambaye darasa zima limeanza kumbembeleza afanye hisani ajifunze tebo za kuzidisha. Wanambembeleza mpaka mwenyewe anajiona bwana mkubwa, anaona kusoma kwake ni msaada anaowapa wengine.

Yupo pia msichana mzuri ambaye kwenye sherehe za shule kila mtu anamtazama akicheza, ana utepe kichwani na sketi ya kupendeza. Shairi linatufuata naye mpaka nyumbani na kwenye usafiri wa mjini, na huko tunamwona akifoka na kusukuma watu. Barto hakumalizia kwa kumchapa viboko. Alimweka tu mbele ya wasomaji, akawaachia watoto wenyewe waulizane ni nani kati yao anayefanana naye.

Hiyo ilikuwa tofauti yake na waandishi wengi waliodhani shairi la mtoto ni adhana ya maadili: osha mikono, tii wakubwa, penda shule. Barto naye aliyapenda maadili, lakini alijua mtoto akishajiona ndani ya shairi na kucheka, somo limeshaingia. Akihubiriwa, anafunga masikio kama anavyoyafunga mkutano wa asubuhi ukirefuka.

Watu wazima pia walipigwa vijembe. Katika mashairi yake kuna wazazi wanaomsomea mtoto kazi za nyumbani mpaka wanazifanya wao, na kuna jamaa wanaompigia makofi mtoto kwa kila jambo mpaka anaharibika. Lilikuwa jambo la ujasiri kidogo, maana wanaonunua vitabu vya watoto ni wazazi.

Mwaka 1939 ilitoka filamu ambayo Barto aliiandika pamoja na mwigizaji Rina Zelyonaya. Inaitwa Podkidysh, na inamhusu mtoto wa kike anayetoka nyumbani peke yake, akapotea katika mitaa ya Moscow, akaokotwa na mtu huyu na yule, kila mmoja akitaka kubaki naye. Ni filamu ya kuchekesha, na mwisho wake ni mwema. Miaka miwili baadaye, kupotea kwa watoto kukaacha kuwa jambo la kuchekesha.

Vita

Juni 1941 Ujerumani ya Hitler iliivamia Urusi. Barto alikwisha kuiona vita kabla ya hapo. Mwaka 1937 alikwenda Hispania kwenye mkutano wa waandishi wakati nchi hiyo ikiwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huko aliwaona watoto chini ya mabomu. Sasa zamu ilikuwa ya kwao.

Familia ilihamishiwa Sverdlovsk, mji wa viwanda katika milima ya Ural ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Viwanda vilivyohamishwa kutoka magharibi vilikuwa vikifanya kazi usiku na mchana, na kwenye mashine walisimama vijana wadogo waliochukua nafasi za baba zao walio vitani. Barto alitaka kuwaandika vijana hao, lakini akawaona hawamfungukii. Mwandishi Pavel Bazhov, mwenyeji wa huko, akamshauri asiende kuwahoji, aende kujifunza kazi pamoja nao. Akaenda. Mwanamke mwenye vitabu vilivyosomwa nchi nzima akajifunza kuendesha mashine ya kuchonga vyuma, akiwa mwanafunzi kati ya wanafunzi. Ilikuwa ni lile dawati la nyuma tena, safari hii limepakwa mafuta ya mashine.

Alizungumza redioni pia, Moscow na Sverdlovsk, na mwaka 1942 alikwenda karibu na mstari wa mbele kama mwandishi wa gazeti.

Kisha ikafika Mei 1945. Vita ilikuwa inaisha, watu walikuwa wanahesabu siku. Siku chache tu kabla ya ushindi kutangazwa, Garik, mwanawe wa kiume, alitoka na baiskeli Moscow, akagongwa na lori, akafa. Mama aliyempitisha mwanawe salama katika miaka yote ya mabomu na njaa alimzika wakati mji mzima unajiandaa kusherehekea.

Barto hakuwa mtu wa kuueleza uchungu wake hadharani. Waliomjua walisema hakuwa tena yule yule. Lakini alianza kwenda kwenye vituo vya kulelea watoto yatima.

Barua ya mama mmoja

Karibu na Moscow kuna mji mdogo uitwao Zvenigorod. Huko kulikuwa na kituo cha watoto waliopoteza wazazi katika vita. Barto alikaa nao, akawasikiliza, na mwaka 1947 akachapisha shairi refu lenye jina la mji huo. Ndani yake watoto wanakumbuka walikotoka, kila mmoja kipande chake kidogo cha nyumba ambayo haipo tena.

Miaka ikapita. Siku moja ikaja barua kutoka Karaganda, mji wa Kazakhstan. Mwandishi wake alikuwa mama aliyempoteza binti yake mdogo wakati wa vita. Alikuwa amelisoma lile shairi. Hakuomba msaada wowote. Aliandika tu kwamba huenda mwanawe hakufa, huenda naye alikulia mahali kama pale, kwa watu wema.

Barto angeweza kujibu kwa maneno ya faraja, akaiweka barua kabatini. Badala yake aliipeleka kwenye ofisi iliyoshughulika na kutafuta watu. Wakatafuta. Wakampata. Binti alikuwa hai, ameshakuwa msichana wa miaka 18.

Habari zikaandikwa magazetini, na barua zikaanza kumiminika nyumbani kwa mshairi. Mama huyu anamtafuta mwanawe, kaka huyu anamtafuta dada yake. Wengine walikuwa watoto wa zamani, sasa watu wazima wenye kazi na ndoa, ambao hawakujua hata jina walilopewa na wazazi wao.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Ofisi za serikali zilitafuta kwa nyaraka. Zilitaka jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na mahali. Lakini mtoto wa miaka mitatu aliyeokotwa kando ya treni iliyopigwa mabomu hakuwa na nyaraka. Kituoni walimpa jina jipya, wakamkadiria umri kwa meno na kimo, wakamwandikia siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo mama alikuwa akimtafuta mtoto mwenye jina moja, na mtoto alikuwa akiishi na jina lingine. Wote wawili wako hai, wote wanatafutana, na mafaili yao hayawezi kukutana hata siku moja.

Kutafuta kwa kumbukumbu

Aliyekaa miaka 30 akiwasikiliza watoto alijua kitu ambacho ofisi hazikukijua. Mtoto mdogo hakumbuki anwani, lakini anakumbuka kwa nguvu jambo lililomwogopesha au lililomfurahisha, na hulikumbuka likiwa na rangi yake na harufu yake. Na mara nyingi jambo hilo ni la nyumba ile moja tu.

Barto akaamua kutafuta kwa kumbukumbu hizo. Mwaka 1965 alianza kipindi katika redio ya Mayak, redio iliyosikika Muungano wa Kisovieti wote. Kipindi kiliitwa Kumtafuta Mtu, na kilisikika kila mwezi tarehe 13. Barto mwenyewe ndiye aliyekiendesha. Aliwaomba watu waandike chochote wanachokumbuka cha utotoni, hata kama wanakiona hakina maana. Kisha alisoma kumbukumbu hizo hewani.

Mmoja alikumbuka jogoo aliyemrukia usoni na kumwachia kovu. Mwingine alikumbuka jina la mbwa wa nyumbani. Mahali fulani, katika nchi yenye safari ya treni ya siku saba kutoka mwanzo hadi mwisho, mama aliyekuwa akiosha vyombo huku redio ikilia alisikia habari za jogoo, akasimama. Jogoo yule alikuwa wake. Kovu lile alilipaka dawa kwa mkono wake mwenyewe.

Si kila kumbukumbu ilizaa matunda. Kwa kila familia iliyokutana, zilikuwepo nyingi ambazo jibu lao halikuja. Nyumba yake iligeuka kuwa ofisi. Barua zilijaa, na kila moja ilibidi isomwe kwa makini, kwa sababu kitu cha kumpata mtu kingeweza kuwa kimejificha katika sentensi ya mwisho. Wapo waliokuwa wakimfuata nyumbani moja kwa moja. Ilibidi pia awe mwangalifu asimpe mama tumaini la uongo, maana kumrudishia mtu mtoto asiye wake ni kumwua mara ya pili.

Aliifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 9, mpaka 1974. Familia 927 zikakutana. Kutokana na kazi hiyo aliandika kitabu chenye jina lile lile la kipindi. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1970, alimzika mume wake, Andrei, na bado tarehe 13 alikuwa mbele ya maikrofoni.

Wengi wamejiuliza kama alikuwa akimtafuta Garik ndani ya watoto wa wenzake. Yeye hakulisema hilo hewani. Tunachojua ni kwamba aliyejua kwa hakika kwamba mwanawe hatarudi alitumia miaka yake ya uzeeni kuwarudisha wa wengine.

Heshima na doa

Barto alipewa tuzo kubwa za nchi yake, Tuzo ya Stalin mwaka 1950 na Tuzo ya Lenin mwaka 1972. Alikuwa mwandishi aliyekubalika na serikali, na hilo lilikuwa na gharama yake. Mwaka 1974, mwaka ule ule alioacha kipindi, Umoja wa Waandishi ulimfukuza Lidia Chukovskaya, binti wa yule Chukovsky wa kwenye treni, kwa sababu ya kuwatetea waandishi walioandamwa na serikali. Barto alikuwa miongoni mwa waliosimama na kusema dhidi yake. Mwanamke aliyemsikiliza kila mtoto hakutaka siku hiyo kumsikiliza mwenzake. Makala ya kweli haiwezi kulificha hilo, na msomaji ana haki ya kulipima pamoja na mengine.

Katika miaka ya 1970 alifanya pia kazi moja ya pekee. Katika safari zake nchi mbalimbali alikusanya mashairi yaliyotungwa na watoto wenyewe, akayaweka katika Kirusi kwa ushairi wake, huku kila mtoto akibaki na wazo lake na jina lake. Kitabu hicho alikiita Tafsiri kutoka Kitoto, kana kwamba Kitoto ni lugha kama Kifaransa au Kihehe. Kwake ilikuwa lugha kweli, na alikuwa amejifunza kwa maisha yake yote.

Alifariki Moscow tarehe 1 Aprili 1981, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy. Wanasayansi wa anga wameipa jina la Barto sayari moja ndogo. Watoto hawajui habari za sayari hiyo, wanajua habari za dubu asiye na mguu.

Kwetu hapa

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, watu wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu walipotezana barabarani na kwenye kambi, wengine wakivuka kuja Tanzania na Kongo. Mwaka huo BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, na kwenye mawimbi hayo watu walitafuta ndugu zao. Wapo kati ya wasomaji wetu wanaolikumbuka jina hilo na wanajua lilimaanisha nini kulisikia likitajwa.

Kwa hiyo wazazi na walimu, chukueni mawili kutoka kwa Agnia Barto.

La kwanza ni la leo jioni. Mfundishe mtoto wako jina lake kamili, jina lako kamili, siyo Baba wala Mama, jina la kijiji na la mwenyekiti wa kitongoji, na namba ya simu. Mfundishe kwa wimbo, kama mnavyofundisha tebo, na umpime hata akiwa amechoka, kwa sababu siku atakayoihitaji atakuwa amechoka na anaogopa.

La pili ni la kila siku. Mtoto akirudi shuleni na kuanza hadithi ndefu ya kifutio kilichoibwa, na mwalimu aliyepiga chafya, na fulani aliyelala darasani, msimkatize. Walimu, mnaweza pia kuwapa watoto nusu ukurasa wa daftari waandike shairi kuhusu jambo dogo lililotokea darasani leo. Msiwasahihishe kwanza. Someni.

Na ukiokota mtoto gulioni, mlete kituoni kwetu au umpeleke kwa mwenyekiti au polisi. Ila kabla hujamuuliza jina la baba yake, muulize kwao kuna mbwa gani.